Mama wa Shanga Saba

Palikuwa na mji uliohesabu watu kwa shanga, na huenda upo bado, maana wanaoishi humo hawajui kama wanahesabiwa; wao hudhani wanaishi tu. Kila mtu alivaa uzi shingoni. Kila mwaka, siku yake ikifika, alikwenda kwenye Baraza la Uzi, akaulizwa maswali matano, akajibu, akaongezewa ushanga mmoja wa udongo mwekundu. Hapo ndipo mwaka ulipohesabika kuwa umepita. Jua lingeweza kuchomoza na kutua mpaka likachoka, mvua ikanyesha ikakatika ikanyesha tena, kichwa kikawa cheupe pe. Kama hukutiwa ushanga, mwaka ulipita kando yako, ukakuacha umesimama pale pale.

Miaka sita ya kwanza kila mtoto alipewa bila kuulizwa kitu. Wa saba ndio ulioanza kuwa na masharti.

Zuwena alikuwa na shanga sita. Alikuwa mrefu kumpita mama yake, ana kifua cha mwanamke mzima, viatu vyake ni vya kiume kwa sababu vya kike havikumwingia, na kila mwezi mama yake alimfulia vitambaa vyake na kuvianika ndani, palipo na giza, kwa kuwa mtoto wa shanga sita haingii mwezini na majirani wangeuliza. Shanga sita. Alipenda sana kupepeta. Ukimpa ungo na mchele angepepeta tangu asubuhi mpaka kivuli kihame ukutani, na asingeacha hata chuya moja. Akimaliza alicheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha tumboni, na watu wa mtaani wakikisikia walifunga madirisha.

Na Mwamtumu, mama yake, alikuwa na saba.

Hapa mtu atauliza: mama awe na saba na mwana sita, imekuwaje? Sheria ilisema hivi. Mtoto akishindwa kujibu, hapewi ushanga. Na mzazi aliyemleta haongezewi wa mwaka huo, tena huvuliwa mmoja wake, kwa sababu haiwezekani mtoto awe hivyo pasipo mtu wa kulaumiwa. Mzazi aliyemleta, ndivyo ilivyoandikwa. Aliyekimbia hakuguswa. Baba yake Zuwena alikimbia mwaka wa pili wa kushindwa, akaoa mtaa wa juu, akapata watoto wenye majibu. Shanga zake leo zinamgonga kitovuni, na akipita watu huinuka. Mwamtumu alibaki, na kubaki kwake ndiko kulikomla. Siku Zuwena aliposhindwa mara ya kwanza, Mwamtumu alikuwa na shanga ishirini na nane. Tangu hapo amekuwa akirudi mwaka kwa mwaka, kama mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume huku amembeba mwenzake.

Mwanzoni hakuona tofauti kubwa. Kisha vijana wakaacha kumwamkia. Kisha wakaanza kungoja yeye ndiye awaamkie. Siku moja alimpeleka Zuwena kwa mganga, ana homa, na mganga akamtazama shingoni badala ya usoni, akamwambia, "Nenda nyumbani kamwite mkubwa."

"Mkubwa ni mimi."

Mganga akacheka kwa upole, akampa kipande cha muwa.

Mwamtumu alikuwa na mvi kichwa kizima. Alisimama mlangoni kwa mganga ameshika muwa, Zuwena anatetemeka begani kwake, na hapo akakiona kivuli chake mwenyewe chini. Kilikuwa kifupi, chenye kichwa kikubwa na miguu myembamba. Magoti yake yalikuwa ya mwanamke aliyechoka, na kivuli chake kilikuwa cha kitoto, na mji mzima uliamini kivuli. Ule muwa aliupiga ukutani mpaka ukawa nyuzinyuzi.

Nani aliwapa uzi?

Hilo ndilo swali lililomkaa. Alilisema akichota maji, akalisema akikoka moto, akalisema kimoyomoyo mbele za watu huku akitabasamu. Nani aliwapa uzi? Siku hiyo alikuwapo nani, akaona, akanyamaza? Mwaka ni wa nani? Mimi nimeuona mwaka. Nimeuona ukipita juu ya mwili wa mwanangu. Nimemnyoa nywele zikaota. Nimemkata kucha zikarefuka. Meno yamemtoka, nimeyatupa juu ya paa, mengine yakaja. Kama mwaka haukupita, kucha zilikuwa zinakua kwa ruhusa ya nani?

Hakuna aliyemjibu, maana hakuna aliyeulizwa. Na hasira isiyo na wa kuulizwa humrudia mwenyewe. Ilimrudia Mwamtumu mgongoni, ikamrudia kwenye taya, ikamwamsha alfajiri meno yameumana. Kuna siku ilimwangukia Zuwena. Alimwaga maji, Mwamtumu akamfokea neno baya, neno wanalolitumia watu wa mtaani, na Zuwena akalirudia taratibu kama mtu anayeonja chakula kipya. Mwamtumu alitoka nje akakaa nyuma ya choo mpaka giza likaingia. Neno hilo hakulisema tena. Lakini alijua lilikotoka, na alijua walilipanda akina nani.

Sasa ilikuwa imefika siku ambayo kila mtu mtaani aliijua na hakuna aliyeitaja. Zuwena akishindwa leo, Mwamtumu atavuliwa mmoja, nao watakuwa sita kwa sita. Sheria haikutambua mtoto kumzaa mtoto mwenzake. Kuanzia hapo Zuwena atahesabiwa yatima, ingawa mama yake amesimama pale pale kamshika mkono, na yatima wa namna hiyo walipelekwa Nyumba ya Ukuta, nyuma ya kilima, nyumba yenye mlango unaoonekana kwa nje na usioonekana kwa ndani. Waliopelekwa hawakurudi. Wazazi waliambiwa kuwa wamepumzishwa, na baada ya muda mfupi mtaa ulisahau kuwa watu hao waliwahi kuzaa.

Kwa hiyo Mwamtumu alikuwa amejiandaa. Maswali hayakuwa siri. Wazazi wa watoto walioshindwa waliyapokezana kisimani, na yalikuwa yale yale kwa mpango ule ule. Jina lako nani? Siku iliyopita huitwaje? Moto hufanya nini? Mkubwa wako ni nani? Mwaka ni wa nini? Kazi ilikuwa kuyaweka majibu mahali ambapo Zuwena angeyakuta. Kichwani hayakukaa. Yaliingia asubuhi, na adhuhuri yalikwisha ondoka. Lakini wakati mmoja wakitwanga mpunga pamoja, huyu anainua mchi na yule anashusha, Mwamtumu aligundua kuwa neno likiingia pamoja na pigo halitoki. Lilikaa mikononi.

Wakatwanga miezi minane. Walitwanga hata palipokuwa hakuna mpunga, kinu kikiwa kitupu, na majirani wakasema sasa mama naye amerukwa na akili, ugonjwa umemwambukiza. Pigo la kwanza: shikamoo, maana mtu huanza na shikamoo. La pili: Zuwena. La tatu: jana. La nne: huunguza. La tano: mama. La sita: kukua. Kisha tena tangu mwanzo. Mwishoni Zuwena hakuhitaji kinu wala mchi. Alikunja ngumi, akaipandisha na kuishusha hewani, na maneno yakatoka moja baada ya jingine, safi, hayana hata chuya.

Asubuhi ya siku hiyo ilipambazuka mara mbili. Jua lilitokeza, likarudi kama lililosahau kitu ndani, kisha likatokeza tena. Njia ya kwenda barazani ilikuwa fupi kwa wenye shanga nyingi na ndefu kwa wenye chache. Ndivyo njia za mji ule zilivyokuwa, zilijikunja na kujikunjua kwa kumtazama mtu shingo. Mwamtumu na Zuwena walitembea, na nyumba zilezile ziliwapita mara tatu.

Kwenye kona alikaa Raya, muuza vitumbua, mwanamke kijana mwenye shanga thelathini na kitu. Alipowaona aliacha karai lake motoni akainuka.

"Shikamoo, mama," alisema, tena kwa sauti.

"Marahaba, mwanangu. Punguza sauti, watakuvua."

"Wanivue. Zenyewe zinaniwasha shingo." Akamgeukia Zuwena. "He, mwari wangu! Leo umependeza. Kakusuka nani?"

"Mimi."

"Muongo mkubwa wewe! Kisogoni umefikaje?"

Zuwena akacheka kile kicheko chake, na Raya akacheka naye, kikubwa vilevile, bila kutazama kama kuna dirisha linafungwa. Akafunga vitumbua viwili kwenye jani. "Mtu haendi kujibu watu na njaa," alisema. Kisha akaona uso wa Mwamtumu, akamshika kiganja kwa mikono yote miwili, mikono ya mafuta. Hakusema Mungu yupo. Hakusema yatakwisha. Alimshika tu mpaka mafuta ya karai yakaanza kutoa moshi.

Mwamtumu alipanda kilima akiwa na ile shikamoo kifuani kama kaa la moto. Ilimpa nguvu, na ikamkasirisha. Neno dogo namna ile, ambalo watu wengine hulipokea mara mia kwa siku bila kulisikia, yeye alilipata mara moja na kulibeba kama aliyepewa kanga mpya. Walimfikisha huko. Walimfanya awe mtu wa kushukuru kwa kuamkiwa.

Baraza la Uzi lilikuwa ukumbi mrefu usio na madirisha, na mwanga wake haukujulikana unatoka wapi. Kulia waliketi wenye shanga nyingi, waliokuja kutazama. Kushoto ulikuwa mstari wa wenye kuulizwa. Mbele ya Mwamtumu na Zuwena alisimama Vuai, amembeba mgongoni mwanawe Simai. Simai alikuwa na ndevu, miguu yake inaburura chini, na shanga zake zilikuwa sita. Za Vuai zilikuwa tisa.

"Mtapita leo, dada," Vuai alisema bila kugeuka, maana hakuweza kugeuka.

"Usinidanganye, kaka Vuai."

"Sikudanganyi wewe. Najidanganya mwenyewe, wewe unasikia tu."

"Mshushe kidogo upumzike."

"Nikimshusha, nani atanisaidia kumpandisha?"

"Mimi mbona nipo?"

Basi akamshusha. Wakakaa kwenye benchi wote wanne, wakagawana vitumbua viwili, na Zuwena akamfuta Simai ndevu kwa upindo wa nguo yake. Kisha likaitwa jina la Zuwena, kabla ya la Simai.

Mshika Uzi mwaka ule alikuwa Hamdu. Hamdu alizaliwa msimu mmoja na Zuwena, nyumba ya tatu. Mama yake alipopata homa ya uzazi, ni Mwamtumu aliyemwogesha mtoto huyo siku arobaini, akamkanda, akamfunga kitovu, akamnyonyesha upande mmoja huku Zuwena ananyonya wa pili. Sasa alikaa juu ya jukwaa, uzi mkubwa umezungushwa kwenye kigogo mbele yake, mkasi ubavuni. Mstari ulikuwa mrefu na alikuwa na haraka. Zuwena alisimama, akavuta pumzi, akakunja ngumi akaipandisha.

Hamdu hakuinua uso. "Jina lako nani?"

Ngumi ikashuka. "Shikamoo," alisema Zuwena.

Hamdu akaandika. "Siku iliyopita huitwaje?"

"Zuwena."

"Moto hufanya nini?"

"Jana."

Upande wa kulia walianza kuguna. Mwamtumu aliinuka kwenye benchi.

"Mkubwa wako ni nani?"

"Huunguza."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. "Mkubwa wake huunguza!" mtu mmoja alisema. "Basi mkubwa wake jiko hilo!" "Ndiyo maana mtoto kaiva upande mmoja!"

"Mwaka ni wa nini?" aliuliza Hamdu, amekwisha nyoosha mkono kuuchukua mkasi.

"Mama."

Kisha, kwa kuwa pigo moja lilikuwa limebaki, Zuwena akaishusha ngumi mara ya sita mbele ya watu ambao hawakuwa wakimsikiliza tena. "Kukua," alisema. Akageuka kumtazama mama yake, uso umemng'aa. Hakukosea hata moja. Alijua kuwa hakukosea. "Nimemaliza, mama."

Na Mwamtumu akaelewa. Majibu yote yalikuwa sahihi, kila moja limekuja nyuma ya mahali pake kwa hatua moja, kama watu wanaotembea katika msafara ambao aliyetangulia amezuiwa mlangoni. Hamdu hakungoja salamu. Aliona shanga sita akaanza kuuliza. Na kosa la Mwamtumu, kosa pekee katika miezi minane ya kutwanga, lilikuwa hili: alipomfundisha mwanawe, haikumjia kabisa kwamba kuna mtu anayeweza kumuuliza mwenzake jambo kabla ya kuamkiana. Alilelewa hivyo. Aliyafikiria maswali, akaufikiria uzi, akaufikiria ukuta. Adabu aliiweka tu, bila kuifikiria, kama mtu anavyoweka mguu chini akijua ardhi ipo.

"Hukumngoja akuamkie," alisema.

"Kaa, mtoto," alisema Hamdu.

"Nimesema hukumngoja. Majibu yake ni ya kweli yote, wewe ndiye umeingia kabla hujabisha hodi. Rudia. Mwache aseme shikamoo, wewe sema marahaba, kisha uliza."

"Hapa hatuna nafasi ya kuamkiana na kila mwenye shanga sita. Unauona mstari?"

"Nauona! Nimekaa ndani ya mstari huu miaka yote, wewe unauona leo!" Sauti yake ilikuwa ikipanda na hakuizuia. "Hamdu. Hamdu, nilikufunga kitovu kwa mkono huu. Ulikuwa mtoto wa kelele, mchafu, unanitapikia kifuani, na sikukuuliza moto hufanya nini! Nilikupa ziwa. Ungeulizwa wewe wakati ule ungejibu nini? Ungejibu nini, mwanangu? Ungelia tu. Na ningekupa ziwa vilevile."

Hamdu alikuwa mwekundu masikioni. Kwa kitambo kidogo mkasi haukusogea. Kisha akatazama upande wa kulia, akawaona wenye shanga nyingi wanamtazama, na akashuka jukwaani. Hakumtazama usoni. Alivuta uzi wa Mwamtumu, akakata, akatoa ushanga mmoja, akafunga tena. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Sita kwa sita," alitangaza. "Hapa hakuna mama."

Hapakutokea radi wala nini. Mwamtumu alibaki vilevile, na Zuwena akamshika mkono vilevile. Kivuli chake tu ndicho kilichosogea, kikawa sawasawa na cha mwanawe.

"Nani mkubwa wa watoto hawa?" Hamdu aliuliza ukumbi.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wa chini ya shanga saba hakukamatwa na askari wala hakusukumwa wala hakushtakiwa. Mji ulijivunia sana jambo hilo. Alikabidhiwa kwa mkono wa mkubwa, kwa huruma. Na huruma ilipatikana kila mwaka, kwa jina la Bi Arafa. Alikuwa mwanamke mwema. Alifunga swaumu zake, alipika msibani, alilea paka. Kila mzazi aliposhuka mpaka mwisho, Bi Arafa aliinuka kwenye benchi la kulia, akamfunika mtoto kwa shuka jeupe lililofukizwa udi, akamwongoza nyuma ya kilima akimwimbia. Akirudi alilia. Alikuwa akilia kweli, na Mwamtumu hakuwahi kujua amchukie vipi mtu anayelia kweli.

Sasa aliinuka, shuka mkononi. Harufu ya udi ikatangulia. "Njoo, mwanangu," alimwambia Zuwena. "Njoo kwa bibi. Kule kuna bustani nzuri."

"Bustani umeiona?" Mwamtumu aliuliza.

"Nimeambiwa, mtoto wangu."

"Mimi si mtoto wako. Umewahi kuvuka ule mlango?"

"Mimi huishia nje. Ndio utaratibu wenyewe."

"Umewapeleka wangapi?"

Bi Arafa alitazama chini. "Kumi na mmoja."

"Wa kwanza jina lake nani?"

Bi Arafa akafungua mdomo. Udi ulikuwa ukinukia. Alitafuta, watu wote wakamwona akitafuta, mboni zinakwenda huku na huku kama mtu aliyeacha funguo mahali. Hakulipata.

"Machano," alisema Mwamtumu. "Alipenda kupiga makofi. Wa pili Tatu, binti wa mfua bati. Alikuwa akiogopa kuku. Wa tatu Fumu. Wa nne na wa tano walikuwa ndugu, Mize na Kombo, uliwapeleka siku moja, na Kombo alikuwa na kiatu kimoja." Akaendelea. Hakupaza sauti tena. Hasira ilikuwa imeshuka ikakaa mahali pagumu, ikasimama. Alimtaja kila mmoja na kitu chake kimoja, mpaka wa kumi na mmoja, na alipokuwa akitaja, katika mstari wa kushoto watu waliinua vichwa, hapa mmoja, pale mmoja, maana walikuwa hawajayasikia majina hayo yakisemwa mbele za watu tangu siku ile. Mwanamke mmoja alisema, "Ndiyo. Kiatu kimoja. Cha pili ninacho."

 Bi Arafa alisimama katikati ya ukumbi na shuka lake, mzee, peke yake, hana pa kujishikiza. Wa kulia walimngoja amalize kazi. Wa kushoto walimngoja pia.

Zuwena alimtazama. Alimwachia mama yake mkono, akarudi kwenye benchi, akakaa, akasogea kumpisha, akapiga ubao kwa kiganja pale palipobaki wazi.

"Kaa, bibi."

Bi Arafa akaenda akakaa.

"Bi Arafa," alisema Hamdu. "Inuka."

"Magoti, mwanangu."

"Inuka, watu wanangoja."

"Nakwambia magoti." Alikuwa amelikumbatia shuka kama mtu anayeona baridi. "Leo yamekataa."

Hamdu akageukia ukumbi. "Mkubwa mwingine. Nani?" Wa kulia walitazama dari. Walikuwa wengi, na shanga zao ziligongana walipojipenyeza nyuma ya wenzao. Kwa miaka yote walikuwa wameitumia huruma ya mtu mmoja, na kila mmoja alidhani anayo na yeye akiba nyumbani. Hakuna aliyetaka mkono uwe wake. "Nani? Wewe, Vuai?"

"Mimi?" Vuai alisema. "Mimi mdogo, bwana. Nina tisa."

Mtu akacheka kwenye mstari. "Mimi nina kumi na moja," alisema mwingine. "Bado sijabaleghe." "Mimi mama kanituma chumvi, napita tu," alisema mzee mmoja mwenye binti kipofu wa akili, kama walivyomwita, na sasa mstari mzima ulikuwa ukicheka, wazazi waliopunguzwa, wenye mvi na vivuli vya kitoto, kicheko kikali kisicho na furaha, kicheko cha watu waliomaliza kuogopa. Askari wa mlangoni alimtazama Hamdu. Hamdu alilitazama daftari, akafunua, akafunua tena. Walikuwa wameandika namna ya kumshusha mtu mpaka chini. Hawakuandika namna ya kumtawala akishafika.

Mwamtumu alimshika Zuwena mkono. "Twende."

"Simama," alisema Hamdu.

"Mtoto wa shanga sita hakamatwi. Ni maneno yenu."

"Nitaandika mengine. Kesho nitaandika mengine, na utarudi hapa."

"Andika," alisema Mwamtumu. "Una mkono mzuri wa kuandika, nilikukanda mwenyewe."

Wakatoka. Hakujidanganya. Alijua kesho ni kesho, alijua wino hauwaishii watu wale, alijua kuwa leo hajashinda kitu ila leo. Ushanga wake ulikuwa umebaki mezani kwao. Hakuna atakayemwita mama katika mji ule ila wawili watatu. Hasira haikuwa imepungua hata kidogo. Alitembea nayo, na aliona kwamba kwa mara ya kwanza inatembea kwenda mbele.

Katikati ya barabara kuu, panapokutana njia zote za mji, Zuwena alisimama. Kiliingia kijiwe kwenye kiatu. Ilikuwa saa ya watu kurudi majumbani kula. Mikokoteni ya punda ilikuwa ikishuka kutoka juu, wachukuzi wanapanda kutoka chini, na nyuma yao, kwenye kiti cha kubebwa na watu wanne, alikuwa akija Hamdu.

Zuwena alikaa chini, pale pale, akaanza kufungua kamba ya kiatu. Kufungua kamba kwake ilikuwa kazi. Fundo lilikuwa na njia zake. Ulimi aliutoa nje kidogo, akavuta huku, likakaza, akavuta kule.

"Toka njiani!" aliita mwenye punda wa kwanza. "We mtoto! Mwondoe mwenzio!"

Miaka yote, mahali kama hapa, Mwamtumu angeinama upesi. Angelikata fundo kwa meno, angemvuta Zuwena kando, angewaomba watu radhi huku na huku, samahani kaka, samahani baba, tunapita, tumekwisha pita. Mgongo ulikuwa umekwisha anza kuinama wenyewe. Akauzuia. Akasimama mbele ya mwanawe, akaeneza mikono, akawaelekea.

"Ngojeni," alisema.

"Tungoje nini?"

"Anavua kiatu."

Punda walipumua. Nyuma watu walipiga kelele, kisha wakauliza kuna nini, kisha wakaambiwa. Kiti cha Hamdu kiliwekwa chini. Fundo likalegea kidogo, likakaza tena, na Zuwena akalianza upya, taratibu, bila haraka hata chembe, na mji wote ukangoja.